Upande wa Kushoto wa Pikipiki ya Mikate

Tarehe 9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu yako haina faida. Juzi nilikueleza shida yangu kwa kituo, ukaitikia "ndiyo, ndiyo", mwisho ukaniuliza kama huku nako mvua imeanza. Hayo masikio injini zimeyamaliza. Bora karatasi, haihitaji kupigiwa kelele.

Mimi naendelea. Kazini wamenihamisha. Nimetoka ghalani kwenye maboksi, sasa niko ofisini, kwenye dirisha la kupokea madereva wa malori na kuwagongea mihuri. Ni kazi ya kukaa. Mama nilimpigia Ijumaa kama kawaida yetu, akanisimulia wateja wote waliomkera wiki nzima, hata yule aliyenenepa akadai gauni limeshonwa vibaya, basi nikajua hajambo.

Sasa jambo lenyewe. Ile pikipiki ya mikate bado ipo? Naisema ile niliyosambazia mikate madukani, nikaja kuinunua kwa mwenye tanuri, nikakuachia wewe nilipokuja huku. Usiniambie umeshaigawa vipande vipande kwa wateja. Nataka uitengeneze upya iwe kafe resa. Unazijua: usukani mfupi ulioshuka, mpandaji anainamia tangi, kiti cha mtu mmoja chenye kigongo nyuma, taa moja ya duara, vikanyagio vimerudishwa nyuma. Madigadi ya nyuma ikatwe. Ile fremu ya kubebea kreti ing'olewe kabisa, imenitesa vya kutosha.

Spea nitatafuta huku nikutumie kwa basi. Wewe nishauri tu kinachofaa. Nikija likizo ya mwisho wa mwaka nataka nishukie kwako kwanza, kimyakimya, kisha nitoke gereji hadi mlangoni kwa mama nikiwa juu ya pikipiki. Anione hivyo kwanza, kabla ya kitu kingine.

Mama usimwambie. Najua unamwogopa dada yako kuliko polisi, lakini jikaze.

Mpwa wako,
Chiriku


Tarehe 2 Machi

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Masikio ni yale yale, na tusiyaseme sana yasije yakasikia. Huku wote tunapumua. Jirani yangu seremala amenunua mashine ya randa, kwa hiyo gereji yangu sasa ina vumbi la mbao juu ya grisi, na nikipiga chafya natoa mlango mzima. Mama yako ana kazi nyingi, shule zimefunguliwa na kila mzazi anataka sare iwe tayari tangu jana. Nimefurahi wamekuweka ofisini. Ila nimeshangaa kidogo, maana nakujua, wewe kiti kilikuwa kinakuchoma hata ukila.

Pikipiki ipo. Panya wamekula turubai, wakaacha chuma. Nimeipiga kiki, ikakohoa, ikagoma. Pete za pistoni zimechoka, tangi limeota kutu ndani, na waya zote nitatupa nianze upya. Fremu ni nzima. Mwenye tanuri alikuwa bahili wa kila kitu lakini pikipiki alinunua ya maana.

Sasa nisikilize. Usukani wa kushuka nimekubali, ingawa mgongo wako utanilaani. Kabureta usinunue mpya, hii naiamini. Ekzosi chagua fupi, lakini iwe na kizuizi cha sauti ndani, usije ukawafanya watu wote wawe viziwi kama mimi. Vioo vya pembeni utaweka, upende usipende. Na hicho kiti cha mtu mmoja kimenichekesha. Mtu akikuomba lifti utamweka wapi? Au mji umeshakufundisha uchoyo?

Jambo kubwa ni kipimo. Mimi sichomelei vikanyagio mpaka mwenyewe awe amekaa. Namkalisha kwenye fremu, nachora kwa chaki pale goti linapogusa tangi na pale kisigino kinapoangukia, ndipo nawasha mtambo. Pikipiki ya kawaida inamvumilia yeyote, lakini hii inakaa kwenye mwili wa mtu mmoja. Kwa kuwa uko mbali, chukua kamba. Pima kutoka nyonga hadi goti, piga fundo, halafu goti hadi kisigino, piga fundo jingine. Pima miguu yote miwili, kila mmoja na kamba yake. Watu wengi wana mguu mmoja uliozidi kidogo na hawajui mpaka wapande kitu cha namna hii, nyonga ianze kuuma.

Mama yako sijamwambia. Lakini ukumbuke mtaa huu, hata paka akihamia baraza jingine watu wanaulizana.

Mjomba wako


Tarehe 21 Machi

Mjomba,

Shikamoo na pole kwa vumbi. Mwambie seremala nikija nitamfungia mashine yake kwa minyororo ya pikipiki.

Huku salama. Nimehama chumba. Cha zamani kilikuwa ghorofa ya tatu, sasa nimepata cha chini, kina dirisha linaloangalia ukuta, lakini sipandi ngazi, na bomba la maji liko mlangoni. Mama nimemwambia nimehama kwa sababu ya kelele za jirani. Ukimsikia analaani jirani yangu, wewe itikia tu.

Kwenye boksi utakuta usukani, taa, na ekzosi yenye kizuizi, kama ulivyoamuru. Kiti nimekipata kwa fundi mmoja huku, ni umbo tu la bati, ngozi mtavisha huko. Rangi iwe nyeusi isiyong'aa. Nembo ya mikate kwenye tangi ifutwe.

Nimebadilisha mawazo kidogo kuhusu gia. Nataka ihamie kulia, ikanyagwe na mguu wa kulia. Zile pikipiki za zamani ambazo mtindo huu ulianzia kwazo zilikuwa na gia kulia, wewe mwenyewe uliwahi kunionyesha picha. Na breki ya nyuma ihamie mkononi, kushoto, chini ya mkono wa klachi. Najua inawezekana, nimeuliza. Fimbo ya gia inapitishwa chini ya injini hadi upande wa pili.

Kamba nazo zimo, ndefu ni ya mguu, fupi ni ya mkono.

Harakisha, tafadhali. Mwaka unakimbia.

Chiriku


Tarehe 25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Mvua zimenyesha mpaka mtaro wa mbele ya gereji ukaingia ndani kuniamkia. Watu walikuwa wananiletea pikipiki zilizokunywa maji, wakanywa na wenyewe chai yangu. Mama yako alipata mafua, amepona. Siku hizi anapita hapa mara kwa mara akitoka kununua uzi.

Kuhusu kazi yetu, tangi bado liko kwa mchomeleaji, na pete za pistoni zinasubiriwa. Mambo yanakwenda polepole. Si wananiita Fundi Taratibu? Jina hawakulitoa hewani.

Vitu vyako vimefika vizima. Usukani ni mzuri, nimeushika nikajiona kijana. Lakini kamba ya mguu nimeona moja. Nilitafuta ya pili nikamwaga makaratasi yote ya boksi sakafuni, seremala akadhani nimepoteza pete ya ndoa. Hakuna. Umenipa mguu upi, Chiriku, na mwingine uko wapi?

Halafu hiyo gia. Ni kweli, za zamani zilikuwa na gia kulia. Sasa na mimi nikukumbushe, breki yake ya nyuma ilikuwa ya mguu wa kushoto. Gia na breki vilibadilishana tu pande. Wewe breki umeipeleka mkononi. Nimekaa na chaki yangu mbele ya fremu, najiuliza swali moja tu. Mguu wa kushoto utafanya kazi gani?

Unijibu hilo, ili nijue nachomelea nini.

Mjomba wako


Tarehe 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mama amepona. Mimi mzima.

Kamba ni ya mguu wa kulia. Tumia hiyo hiyo pande zote mbili. Mguu wa kushoto utapumzika, umefanya kazi ya kutosha kwa mwenye mikate.

Mchomeleaji gani anakaa na tangi miezi miwili? Ni yule yule wa karibu na mashine ya kusaga? Nilimpigia simu jana, namba yake ninayo. Anasema tangi ulilichukua zamani. Pete za pistoni nazo nilizituma kwenye boksi la pili, dereva wa basi ameniambia alikukabidhi mkononi.

Nani amekuambia uchelewe?

Chiriku


Tarehe 20 Mei

Chiriku,

Leo sina habari za seremala.

Umeniuliza, nitakujibu. Ni mama yako. Boksi la kwanza lilipofika, dereva alimkuta sokoni akamwambia "mzigo wa binti umefika kwa fundi." Alikuja na sindano bado imechomekwa kifuani. Akatazama usukani, akatazama kiti. Sikuweza kumdanganya, alinilea. Akasema, "Nina mtoto mmoja. Umekaa na hivi vyuma maisha yako yote, umewaona wanaoletwa hapa na pikipiki zao zimekunjika. Ukiimaliza hii, usinijue." Hakupandisha sauti. Angepandisha ningebishana naye.

Basi ndiyo maana. Tangi lipo, safi, rangi imeshakauka. Injini nimefunga na inaunguruma vizuri. Nikikaribia kumaliza nafungua tena, nasema labda hapa hapajakaa sawa. Sijawahi kufanya hivi kwa kazi ya mtu yeyote na nimeona aibu kukufanyia wewe.

Lakini kuna lingine. Wiki iliyopita nilitengeneza ile fimbo ya gia na kuipitisha chini ya injini, nikafunga breki mkononi. Nilitaka kuona tu kama inawezekana. Nikakaa. Nikaukunja mguu wangu wa kushoto nyuma, usiguse kitu, nikapitisha gia zote, nikafunga breki, nikaachia, nikarudia. Kila kitu kilifanya kazi. Pikipiki haikuuhitaji ule mguu hata kidogo. Hapo nikashuka, nikakaa sakafuni, na sikuwa nimechoka.

Wamekuweka ofisini. Umehama ghorofa. Kamba ni moja.

Mimi langu nimesema. Lako likiwa tayari, liandike. Hata kama ni mstari mmoja.

Mjomba wako anayekupenda


Tarehe 4 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi mfukoni. Nimeandika tatu nikachana. Hii nitaituma ilivyo.

Ilikuwa Novemba, ghalani. Foklifti, kile kigari cha kunyanyulia maboksi, ilikuwa inakuja mbele na mzigo umeziba kila kitu. Dereva wake aliniona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, aliniona, akadhani nimeshapita. Si mtu mbaya. Alikuja hospitali akakaa pembeni ya kitanda akishindwa hata kuniangalia, mpaka mimi ndiye niliyemwambia anywe maji. Madaktari walijaribu wiki moja kuuokoa mguu wa kushoto, halafu wakaja wawili, mmoja akakaa. Daktari akikaa unajua. Wameukata chini ya goti.

Nimepewa mguu wa bandia. Natembea. Nachechemea, jioni panavimba, lakini natembea, naenda kazini, napika, nafua. Ijumaa nampigia mama na sauti yangu haina kasoro yoyote. Anasema, "Umenenepa, nasikia." Nacheka. Nikikata simu nabaki nimekaa.

Utasema kwa nini sikuwaambia. Mjomba, namjua mama na unamjua. Angefunga cherehani siku hiyo hiyo, apande basi. Angenirudisha nyumbani, anilaze, anivue viatu, aniletee sahani kitandani, na mgeni akija amwambie taratibu usimchoshe. Na mimi ningekubali. Hicho ndicho ninachokiogopa, si yeye. Ningekubali, nikakaa pale mpaka nizeeke.

Ndiyo nikaikumbuka pikipiki. Juu ya pikipiki sichechemei. Nilifikiri anione nakata kona ya duka la vifungo, nimeinama, nafunga breki mlangoni, avimbe kwa hasira, anitukane hadi achoke. Mtu anayetukanwa na mama yake ni mtu mzima wa afya. Halafu ndipo nishuke, aone. Lakini awe ameshaona lile la kwanza, na hawezi tena kulifuta.

Sasa nawe unajua. Mtu mwingine huko asijue. Nakuomba, Mjomba, usimwambie. Hili ni langu, nitalisema mwenyewe, kwa njia yangu. Malizia tu pikipiki.

Chiriku


Tarehe 29 Juni

Mwanangu Chiriku,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Pole. Neno hili nimeshalisema kwa watu wengi hapa gereji, kwa taa zilizovunjika na matairi yaliyopasuka, na nimeona aibu kwamba sina jingine kwa ajili yako. Nililia. Seremala alizima mashine yake akaja kuuliza, nikamwambia ni vumbi lake, akaenda zake.

Kisha nikafanya kazi. Sikufungua tena nilichokwisha kufunga. Upande wa kulia umekamilika: gia, kikanyagio, fimbo, vyote. Kiti kimekaa. Upande wa kushoto nimeuacha na mstari wa chaki tu. Nimeuliza watu, nimefikiri. Kikanyagio cha kawaida hakikufai, kwa sababu mguu ule hautakuambia unapoanza kuteleza. Kinahitaji ukingo wa kuushika, na ukingo siwezi kuukata kwa kamba. Nahitaji mguu wenyewe uwepo, na wewe juu yake. Kwa hiyo ile njia yako, ya kufika ukiwa umeshapanda, mimi siwezi kukutengenezea. Utaingia hapa ukitembea kwanza. Nisamehe.

Sasa nikuambie lililotokea, na ulisome lote kabla hujakasirika. Mama yako sikumwambia.

Alikuja Jumanne asubuhi. Pikipiki ilikuwa katikati ya gereji, sikuifunika, nilichoka kuificha kama mwizi. Nikangoja anifokee. Hakufoka. Aliizunguka, kama anavyomzunguka mteja aliyevaa gauni la kujaribu. Upande wa kulia akasimama, akagusa kikanyagio, akagusa gia. Akaenda upande wa kushoto, akasimama kwa muda mrefu.

"Hapa mbona hakuna kitu?"

"Bado."

"Upande ule umemaliza wote, na huu hujaanza?"

Nikajifanya sijasikia. Lakini dada yangu anajua lini sisikii na lini sitaki kusikia. Aliinama akaweka mkono pale penye chaki, akauacha hapo. Yeye anakata nguo kwa vipimo miaka yote hii, Chiriku. Mtu akimletea suruali yenye mguu mmoja hahitaji kuelezwa.

"Chini ya goti au juu?"

Ningefanya nini? Nikamwambia, chini.

Akainuka, akajipangusa mikono, akaondoka. Siku ile cherehani yake haikusikika, na mimi nilipita barazani kwake mara mbili, mlango umefungwa. Ijumaa ulimpigia. Najua, kwa sababu aliniambia baadaye kuwa mliongea vizuri, mkacheka, ukamuuliza habari za uzi. Hakukuonyesha. Nadhani kwa upande huo mmefanana mno ninyi wawili.

Jumamosi akaja tena. Akavuta stuli yangu, akakaa, mimi nikaendelea kusafisha cheni ambayo ilikuwa safi. Ghafla akaanza kusema, si kwangu hasa.

"Alizaliwa akitanguliza miguu. Wa kushoto ulitangulia. Ule wa pili ulikuwa umekunjika ndani, ukakataa. Nilikuwa nimeshachoka, nimewaambia waniache nife. Mkunga akaushika ule wa kushoto, akaniambia, mama, anarusha teke, yupo hai huyu. Ndipo nikapata nguvu. Uso wake sikuuona mpaka saa nyingi baadaye. Mtoto wangu nilimjua kwa mguu ule kwanza."

Sikuwahi kusikia habari hizi. Mimi nilikuwa mdogo wake, wakati ule walinituma nje nikachote maji.

Nikamwambia, dada, anatembea, ana mguu wa bandia, anafanya kazi. Nikamwambia kuwa wewe unaogopa atakulaza kitandani. Hilo nilikuibia, lilikuwa lako, lakini nilimwona alivyo nikashindwa kulibakiza. Akatikisa kichwa. Akasema, "Simlazi. Mwambie simlazi." Halafu akaniangalia, akaniuliza swali ambalo tangu Jumamosi halijaniacha.

"Wameuweka wapi?"

"Nini?"

"Mguu wa mwanangu. Walipoukata. Waliuzika? Nani alikuwepo?"

Nilimwambia labda hospitali wana utaratibu wao. Akasema, "Mimi siulizi utaratibu."

Kila siku anapita hapa kuuliza kama barua imekuja. Pikipiki haitazami tena. Anataka kujua hilo moja, na mimi siwezi kulijibu, na simu haifai. Njoo, Chiriku. Njoo umwambie mguu ule ulipo.

Mjomba wako